Mkono Uliopita Ndani ya Gitaa

Kulikuwa na nchi moja, na tumshukuru Mungu kwamba si hii, ambayo kila raia alikuwa na gitaa na hapakuwa na gitaa hata moja.

Jambo lilianzia harusini. Mtukufu Mlezi, mkuu wa nchi hiyo na wa mvua zake, alialikwa kwenye harusi ya mpwa wake. Akala, akashiba, akapanda jukwaani kuimba. Mpiga gitaa wa bendi siku hiyo alikuwa Lugoye, mtu mpole, mrefu, mwenye mabega mapana, ambaye aliijua kazi yake kwa namna moja tu: mwimbaji akihama, gitaa linamfuata. Mtukufu alianza juu, akateremka bila taarifa, akapanda tena kuelekea kusikojulikana. Lugoye akamfuata. Kila Mtukufu alipopotea, gitaa lilifika palepale na kumwonyesha kila mtu mahali alipo. Mwishowe mama mmoja aliyekaa karibu na maharusi akacheka, soda ikamtoka puani.

Yule mama alikamatwa kabla hajajifuta. Lugoye alikamatwa gitaa likiwa begani. Shtaka lake lilisomwa redioni: kumfuata Mkuu wa Nchi mahali ambapo Mkuu wa Nchi hakuwa amemwalika mtu.

Baada ya hapo magitaa yote ya nchi yalikusanywa katika uwanja wa mpira yakachomwa moto. Moshi wake ulinuka gundi na vanishi, na watu wakaanza kununa. Ndipo Mheshimiwa Dakta Pambalu, Waziri wa Hewa na Burudani, alipolihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema serikali imechoma magitaa. Uongo mtupu! Serikali imechoma mbao. Gitaa lenyewe limebaki. Wenzetu huko nje bado wanahangaika na mbao na nyaya, sisi tumeshavuka. Kuanzia leo kila raia, mkubwa kwa mdogo, amegawiwa gitaa la hewa, bure kabisa. Lisipotee, lisipasuke, na jirani asiazimwe."

Kisha akainua mkono wa kushoto pembeni, akauchezesha wa kulia mbele ya kitambi chake, na mawaziri wenzake wote wakaziba masikio kwa ukubwa wa ile sauti. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza mbona yeye hasikii kitu. Alipelekwa hospitali kutibiwa masikio, akarudi hana.

Mke wa Lugoye aliitwa Tegemea. Alikuwa fundi cherehani, na tangu siku ile kazi yake kubwa ikawa kushona mabegi ya gitaa, kwa sababu sheria ilitaka kila gitaa litembee ndani ya begi lake. Wateja walikuwa wasumbufu. Mmoja alirudisha begi akisema linabana shingoni. Tegemea alilifumua, akalishona upya pana zaidi, na mteja akaingiza kitu chake kwa uangalifu, akafunga zipu, akasema sasa limekaa. Tegemea hakucheka. Alikuwa amejifunza kutocheka.

Kila Ijumaa alipeleka chakula Gereza la Mawe. Hakuruhusiwa kupita lango. Askari alipokea bakuli, akaingia nalo, akalirudisha tupu.

"Amekula?"

"Amekula, mama. Anasema leo pilipili ilizidi."

Basi Ijumaa iliyofuata Tegemea alipunguza pilipili. Askari akaja na ujumbe mwingine: anaomba ndizi ziive kidogo. Tegemea akatafuta ndizi zilizoiva. Alirudi nyumbani akiwa na bakuli tupu na moyo uliojaa, akapiga magoti kando ya cherehani akasema, "Mungu wangu, asante kwamba bado anachagua chakula."

Ndipo likatoka tangazo. Kutakuwa na Mashindano ya Taifa ya Gitaa la Hewa, na kwa huruma yake isiyo na kipimo, Mtukufu Mlezi atamkabidhi mshindi ndugu yake mmoja kutoka Gereza la Mawe, siku hiyohiyo, hadharani.

Nchi nzima ikaanza kufanya mazoezi. Sokoni watu walipimia wateja mchele kwa mkono mmoja. Kanisani na msikitini waumini walisihiwa kuacha magitaa nje, na viongozi wa dini walioyasihi hayo walisihiwa nao, mahali pengine, na watu wengine.

Tegemea hakujua muziki. Miaka yote aliyolala kitanda kimoja na mpiga gitaa hakuwahi kuvitazama vidole vyake vikifanya kazi; yeye alikuwa jikoni, au alikuwa amesinzia. Hata hakukumbuka ni mkono upi unaobana nyuzi. Alikaa kitandani akafumba macho, akajaribu kukumbuka, na kilichokuja si picha bali ni ngozi yake mwenyewe: mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukimkwaruza shingoni, kwa zile sugu za ncha za vidole. Wa kulia ulikuwa laini. Basi ni wa kushoto.

Kwa elimu hiyo tu, akajiandikisha madarasa ya jioni.

Darasa lilikuwa katika shule ya msingi, na watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu Bulugu alikuwa akifundisha hesabu kabla hesabu hazijapunguzwa. Aliwapitia mmojammoja akiwa na rula mkononi.

"Wewe mama, gitaa lako lina uzito?"

"Lina uzito, mwalimu."

"Uko wapi huo uzito? Mbona bega limekaa kama la mtu aliyetoka kuoga? Bega lishuke! Bega lisiloshuka ni bega la msaliti!"

Tegemea akashusha bega.

"Na hilo unalishika kama beseni la kufulia. Unataka kumwaga maji?"

Darasa likacheka. Aliyekaa nyuma yake hakucheka. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, kinyozi, jina lake Kisinza, na kila mtu alimjua, kwa kuwa mama yake ndiye yule aliyetokwa na soda puani. Akainama mbele, akanong'ona, "Shangazi, jifanye umebeba mtoto anayetaka kushuka. Usimbane, lakini usimwachie."

Tegemea akajaribu. Mwalimu Bulugu akasimama, akamtazama, akapita bila kumpiga rula.

Tangu siku hiyo wakawa wanakaa pamoja. Kisinza alikuwa na kipaji. Akikunja uso tu, watu waliona nyuzi. Alimfundisha Tegemea kutembea na shingo ya gitaa bila kuigonga mlangoni, na kuvua mkanda kwa kupitisha kichwa. Tegemea alimletea mihogo ya kuchoma, wakala ukutani kwa shule, magitaa yao yameegemezwa kando.

"Shangazi, ukinishinda sitakuchukia," Kisinza alisema jioni moja, mdomo umejaa. "Ila mama'ngu ni mtu wa kucheka. Mle ndani sijui anacheka na nani."

"Na mimi sitakuchukia, mwanangu."

"Apa."

"Dini yangu hainiruhusu kuapa. Lakini nimekwambia."

Mwalimu Bulugu aliwafundisha pia Sheria ya Uimara, iliyokuwa na kifungu kimoja. Gitaa ni kitu kigumu. Kitu kigumu hakipitishi kitu. Kwa hiyo anayelivaa gitaa asijikune tumbo, asitafute leso kwenye mfuko wa shati, asifunge kifungo, mpaka alivue kwanza. "Mazoea ya mwili ni adui," alisema Mwalimu. "Mwili wako haujui siasa. Uchungeni."

Mashindano yalianza kwa mchujo, na mchujo ulikuwa mkali. Fundi bomba mmoja alipiga vizuri hadi watu wakasimama, akashuka jukwaani, akaliweka gitaa lake juu ya kiti ili anywe maji. Waziri Pambalu akaja, akakalia kile kiti. Uwanja mzima ukasema "Aaa!" Waziri akaruka, akajishika nyuma, akatangaza kwamba nyuzi zimemchana. Fundi bomba alihukumiwa kwa kuweka chombo cha taifa mahali ambapo makalio ya serikali yalikuwa na haki ya kufikia. Waziri alitibiwa nje ya nchi.

Mwanamke mwingine aliondolewa kwa kupiga faragha mno. Mtu mmoja alipiga vibaya kwa makusudi, kwa kuwa hakuwa na ndugu gerezani na alikuja tu kwa kulazimishwa. Ili kumrahisishia ushiriki wake, walimkamata kaka yake.

Mpaka fainali wakabaki wawili: Kisinza na Tegemea.

Uwanja ulijaa. Mtukufu Mlezi mwenyewe hakuja. Kiti chake kilikuja, kikapigiwa saluti. Majaji walikuwa watatu: Jaji wa Sauti, Jaji wa Nyuzi, na Waziri Pambalu aliyekuwa Jaji wa Uzalendo, amepona. Wote waliweka pamba masikioni, maana mwaka huo magitaa yalisemekana kuwa na nguvu sana.

Tegemea alianza. Alipanda jukwaani na gauni alilolishona mwenyewe, akateremsha bega, akakaza nyuzi moja baada ya nyingine huku ameinamisha sikio. Kisha akapiga. Hakuruka, hakupiga magoti. Alipiga kama alivyokuwa akishona, kwa haraka na usahihi, na alipomaliza alikuwa amelowa jasho. Watu walipiga makofi ya heshima, yale ambayo mtu hupigiwa akimaliza kusoma tangazo la mazishi.

Akakaa pembeni ya jukwaa. Alijua hayatoshi.

Kisha Kisinza. Kisinza alipiga gitaa limekaa kisogoni. Alipiga kwa meno. Alilizungusha mwilini na kulidaka, na watu wa mbele wakainamisha vichwa lisiwagonge. Alifika mahali akapiga uzi mmoja tu, akaubana, akautikisa, akaushikilia, na uso wake ukawa uso wa mtu anayeita mtu aliye mbali. Wanawake wakaanza kulia. Askari mmoja akavua kofia. Tegemea mwenyewe alijikuta anafuta machozi, na katikati ya machozi alifahamu kwamba Lugoye hatatoka.

Kisinza akamaliza. Uwanja ukalipuka. Majaji wakawa wanachomoa pamba masikioni, wameinamisha vichwa, kila mmoja anashughulika na sikio lake. Kisinza akainama kutoa heshima, gitaa bado limening'inia kifuani, na inzi akatua tumboni kwake, kwenye jasho, pale shati lilipofunguka kifungo.

Kisinza akajikuna.

Ilikuwa mara moja tu, kwa kucha, jinsi mtu yeyote anavyojikuna. Hakuna aliyeona. Watu walikuwa wanatazama uso wake.

Tegemea aliona.

Alishika kiti kwa mikono miwili. Ndani ya moyo akasema, "Ee Mungu, nifumbe mdomo. Nifumbe wewe, mimi siwezi." Akangoja. Labda alingoja muda mfupi mno. Wengine husema jibu lilikuwa njiani. Waziri alikuwa ameshasimama, ameshika kipaza sauti, anavuta pumzi ya kutaja mshindi.

"Mheshimiwa," Tegemea akasema, amesimama. "Amepitisha mkono ndani ya gitaa."

Ukimya ukashuka, wa kweli safari hii.

"Nani?"

"Huyu. Amejikuna tumbo. Gitaa analo."

Kisinza akageuka. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake. "Shangazi," akasema. "Shangazi, ni inzi tu."

"Ulijikuna au hukujikuna?" Waziri akauliza.

"Mheshimiwa, ni inzi. Hata shangazi anajua..."

"Mama, una uhakika na unachosema? Mkono wake ulipita?"

"Ulipita."

"Ulipita penye gitaa?"

"Penye gitaa."

Waziri Pambalu akawageukia wananchi, uso umemng'aa. Hotuba ilikuwa imemjia. "Ndugu wananchi! Mkono wa huyu kijana umepita penye gitaa. Mambo ni mawili, hakuna la tatu. Ama gitaa halipo, ama amelitoboa. Nawauliza: gitaa lipo?"

"Lipooo!" uwanja ukaitikia.

"Sijasikia, sikio moja bado lina pamba!"

"Lipooooo!"

"Basi amelitoboa!"

Wakamkamata. Gitaa lake lilivuliwa kwa taratibu na askari wawili, mmoja shingoni mmoja mwilini, likafunikwa shuka. Kisinza alihukumiwa palepale, na hukumu ilikuwa Gereza la Mawe. Waziri akaongeza kwa sauti ya upole kwamba serikali haipendi kuona familia zimetengana. Kijana anakwenda kwa mama yake. Watu wakapiga makofi. Alipopitishwa mbele ya Tegemea, Kisinza alisema neno moja tu, bila kelele: "Ulisema."

Tegemea hakumtazama. Alitazama lango la uwanja. Alijisemea kwamba Lugoye atakuja, kisha atatubu. Kwanza Lugoye, kisha toba, na Mungu ataelewa mpangilio huo.

"Mshindi!" Waziri akatangaza. "Na sasa zawadi ya Mtukufu Mlezi!"

Lango likafunguliwa. Gari la magereza likaingia polepole, limeoshwa, limefungwa utepe. Likasimama mbele ya jukwaa. Tegemea alishuka ngazi mbilimbili akaanguka ya mwisho, akainuka, akakung'uta gauni, akajipangusa uso ili asimkute anaonekana vibaya. Mkuu wa gereza akashuka, akapiga saluti, akafungua mlango wa nyuma kwa mbwembwe.

Ndani hamkuwa na mtu.

Askari wawili wakapanda, wakainama, wakashuka taratibu huku wamekunja viwiko, mmoja kulia mmoja kushoto, kama watu wanaomsaidia mgonjwa. Katikati yao kulikuwa na nafasi. Wakaileta nafasi hiyo hadi mbele ya Tegemea, wakaisimamisha.

"Mama," mkuu wa gereza akasema, "pokea mume wako."

Tegemea akatazama mkono wa askari wa kulia, kisha wa kushoto, kisha katikati. Akatazama ndani ya gari. Akarudi kutazama katikati.

"Yuko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Lugoye. Mume wangu. Yuko wapi?"

Waziri Pambalu akashuka jukwaani na kipaza sauti chake. Hakuwa mkali. Alikuwa na huzuni ya mwalimu mbele ya mwanafunzi aliyemtegemea. "Mama, hebu tusaidiane. Umeona gitaa leo?"

Tegemea aliendelea kutazama katikati ya wale askari.

"Umeona mkono ukipita ndani yake. Umesema mwenyewe, mbele ya watu wote hawa, na kijana amekwenda. Wewe una macho mazuri kuliko sisi majaji. Sasa macho yaliyoona gitaa yashindwe kumwona mume? Ama leo hapakuwa na gitaa?" Akasogea karibu, akashusha kipaza sauti, akanong'ona. "Kama hapakuwa na gitaa, mama, yule kijana alitoboa nini?"

Kule nyuma, gari lililombeba Kisinza lilikuwa bado linageuza, linatafuta njia ya kutoka.

Waziri akainua tena kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Lugoye yupo?"

Watu walisita. Wengi wao walikuwa na ndugu Gereza la Mawe, na wengi wao walikuwa wametazama ndani ya gari. Kila mmoja alikuwa anafikiria bakuli lake la Ijumaa. Kisha askari wa pembeni wakavua bunduki begani, na uwanja ukaitikia.

"Yupooo!"

"Mkumbatie mumeo, mama. Wapiga picha wanangoja."

Tegemea akainua mikono. Aliifungua na kuinua kwa urefu anaoujua, juu, mahali penye mabega mapana ya mtu mrefu, akaanza kuikutanisha.

Yule askari wa kulia alikuwa ndiye yuleyule aliyepokea mabakuli langoni. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akainama sikioni mwake.

"Shusha kidogo, mama," akasema. "Hakuwa vile tena."

Tegemea akashusha mikono hadi usawa wa kifua chake.

"Bado kidogo."

Akashusha hadi kiunoni. Watu wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache, kisha wote, kwa mpigo mmoja.

"Bado, mama."

Akapiga magoti. Mikono yake ilikuwa bado imefunguka, sasa kwa upana wa mtoto mchanga, na ikaendelea kushuka, mpaka viganja vikalala juu ya vumbi la uwanja na hapakuwa tena na mahali pa kushuka.

"Hapo," askari akasema. "Hapo ndipo alipo."